Ukiulizwa asili ya neno "boma", anza na tarehe

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika majengo ya kale ya utawala, na hakuna neno ninaloulizwa mara nyingi kuliko boma. Wageni wanaozungumza Kiingereza hufika wakiwa wanalijua, kwa kuwa limo katika kamusi zao, na baadhi yao hunieleza kwa uhakika kwamba ni kifupisho, yaani herufi za mwanzo za maneno manne ya jina la Kiingereza la idara inayodaiwa kusimamia utawala wa Uingereza ng'ambo. Maelezo hayo nimeyasikia hata kwa waongozaji wenzangu. Si ya kweli, na namshauri yeyote anayefundisha, anayeongoza watalii au anayeandika historia yetu asiyarudie, kwa sababu yanamkabidhi mkoloni neno ambalo yeye ndiye aliyeliazima kwetu.

Njia ya kuyapima ni nyepesi: tafuta neno liliandikwa lini kwa mara ya kwanza, kisha ulinganishe na tarehe ya kile kinachodaiwa kulizaa. Henry Morton Stanley alilitumia katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1878. Kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Johann Ludwig Krapf, iliyotoka London mwaka 1882, inalieleza boma kuwa ni uzio wa kuukinga mji au kijiji, ambao waweza kuwa wa mawe, wa miti au wa kichaka cha miiba kisichopenyeka. Wakati huo Uingereza haikuwa na utawala wowote katika bara letu la Afrika Mashariki. Ilitangaza himaya yake katika nchi ambayo leo ni Kenya mwaka 1895, na Tanganyika ikaipata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tena Wajerumani, ambao hawakuwa na sababu ya kuziita ofisi zao kwa kifupisho cha Kiingereza, walikuwa na boma Mikindani tangu mwaka 1895 na Arusha tangu mwaka 1900. Mgeni akiyasikia haya kwa mpangilio huo, huwa hana haja ya kubishana.

Kuhusu asili ya mbali zaidi, nashauri tahadhari. Krapf hakutaja chanzo chochote. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alipendekeza kwamba limetoka katika Kiajemi. Mimi hulitaja kama pendekezo la Johnson, kwa jina lake na mwaka wake, wala siligeuzi kuwa jambo lililothibitishwa.

Maana zake ndizo zinazostahili muda wa msikilizaji. Uzio uliokinga watu na mifugo ulikuwa pia kinga ya askari, na kituo cha askari kilichozungushiwa ukuta kikawa makao ya mkuu wa wilaya. Ndiyo maana hadi leo twasema mtu ameitwa bomani, au wachumba wamefunga ndoa bomani, hata kama ofisi yenyewe haina ukuta wowote. Maana hiyo ya serikali ilishika mizizi Malawi na Zambia, ambako makao ya wilaya huitwa boma. Kiingereza nacho kilichukua maana zote mbili. J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la reli Tsavo mwaka 1898 wakati simba walipokuwa wakiwala wafanyakazi, aliziita boma zile zio za miiba zilizozungushwa kwenye kambi. Katika hoteli za mbugani kusini mwa Afrika, boma sasa ni ua wa kulia chakula wenye moto katikati. Nao wageni huzoea kuita makazi ya Wamaasai boma. Hapo mwongozaji mwema ataongeza kwamba Wamaasai wenyewe husema enkang.

Ipo maana moja ambayo, kwa niliowaongoza, sijamkuta mgeni aliyeijua, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tanzania, nyumba iliyosimamishwa kuta ikabaki bila paa huitwa boma: wananchi hujenga maboma ya madarasa na zahanati kwa nguvu zao, kisha husubiri fedha za kuezeka. Kwa hiyo usiwaishie wageni wako kwenye jengo la Mjerumani. Mkiwa njiani, simamisha gari penye kuta za namna hiyo, uwaambie kwamba hilo nalo ni boma, na ueleze ni nani aliyefyatua yale matofali.