Ipe bakapu njia yake

Ndugu, umesema seva zako 40 hapo Upper Hill, Nairobi, hutuma bakapu (nakala za akiba za data) usiku kwenye meinframu ya IBM, ile kompyuta kuu, na asubuhi saa mbili watu wa kaunta bado wanalia mfumo unajikokota. Bakapu inabanana na wateja kwenye njia moja. Itenge kabisa: swichi yake (kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao), kadi ya pili ya mtandao kwa kila seva, anwani zake za IP.

Piga hesabu kwanza. Waya wa gigabiti 1 hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Kwa hiyo kutuma terabaiti 2 kwa waya huo huchukua muda wa saa tano hivi. Meinframu iwekee kadi ya OSA, yaani kadi yake ya mtandao, ya gigabiti 10. Seva zibaki na 1, inatosha.

Kisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data kwa baiti, na hapa nakuomba usiharakishe. OSA huishia 8992, si 9000. Mimi nilikesha siku mbili Industrial Area kwa sababu poti moja ya swichi ilibaki 1500: ping (ujumbe wa kujaribu njia) ndogo zilipita, faili kubwa zikakwama. Jaribu ping ya baiti 8964 (8992 ukitoa 28 za vichwa vya pakiti) isiyoruhusiwa kugawanywa, kutoka kila seva, moja baada ya nyingine.

Halafu hakikisha programu ya bakapu inaita anwani mpya ya meinframu. Ikiita ya zamani, data itarudi kulekule kwa wateja.