Vumbi la bariamu: soma kwanza jina lililoandikwa kwenye mfuko

Mkuu, swali lako ni hili: kijana anamimina unga wa bariamu kwenye mashine, eksirei imerudi na madoa meupe kifua kizima, lakini hakohoi wala hapungui uzito. Je, mapafu yamekwisha? Jibu linategemea jina kamili la kilichomo mfukoni. "Bariamu" peke yake haitoshi, maana kuna ya kunywesha wagonjwa na kuna ya kuua panya.

Kama ni salfeti ya bariamu, yaani baraiti, ule unga mzito wa tope la kuchorongea visima vya mafuta, punguza hofu. Hauyeyuki majini wala kwenye asidi ya tumbo, kwa hiyo hauingii kwenye damu kwa kiasi cha kudhuru. Ukifika mapafuni unakaa tu. Madoa hayo huitwa baritosisi. Bariamu ni atomu nzito, namba 56, na huzuia miale vizuri kuliko mfupa. Chembe kidogo tu inang'aa kwenye picha kama kidonda. Kwa kawaida haileti makovu, kipimo cha pumzi hutoka sawa, na mtu akiondoka kwenye vumbi madoa hufifia polepole kwa miaka. Daktari aambiwe kazi yake waziwazi, la sivyo picha ile inaweza kusomwa kama kifua kikuu. Hata hivyo makohozi yapimwe, maana vumbi halimkingi mtu na kifua kikuu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwatzi, yaani jiwe gumu la silika. Baraiti ya mgodini mara nyingi huja nayo, na silika ya kwatzi huacha makovu yasiyorudi nyuma. Kwa viwango vya OSHA, idara ya usalama kazini ya Marekani, vumbi laini la salfeti ya bariamu lina kikomo cha miligramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa; la silika ni 0.05. Piga hesabu: baraiti yenye kwatzi asilimia 1 tu, hewa ikiwa na miligramu 5, tayari silika imefika kikomo. Dai karatasi ya usalama ya bidhaa, utafute asilimia ya kwatzi.

Kloridi, naitreti na haidroksidi ya bariamu ni habari nyingine kabisa. Hizi huyeyuka, na kikomo chake ni miligramu 0.5. Kaboneti huwadanganya wengi: majini haiyeyuki sana, ila vumbi lake hunaswa na kamasi, likamezwa, likayeyukia kwenye asidi ya tumbo. Bariamu ikiingia kwenye damu huziba njia ambazo potasiamu hutumia kutoka ndani ya seli, hivyo potasiamu ya damu huporomoka. Dalili ni ganzi kuzunguka mdomo, kutapika, kuharisha, presha kupanda, misuli kulegea, mapigo ya moyo kuvurugika. Usimpe maziwa ukangoja aamke vizuri. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo pamoja na lebo ya mfuko, wapime potasiamu na umeme wa moyo. Matibabu ni kurudisha potasiamu huku moyo ukifuatiliwa.

Kazini, watu huangalia mfuko unapofunguliwa wakasahau unapokunjwa. Mfuko mtupu ukibanwa kifuani ili hewa itoke, unapuliza unga laini kabisa moja kwa moja puani. Ukunjwe palepale penye mashine ya kufyonza vumbi. Msifagie pakavu, na msipulizie nguo kwa kompresa. Tumieni kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo kabisa, au lowesheni kwanza. Kitambaa na barakoa ya upasuaji havifai: barakoa ya kuchuja vumbi laini, P2 au N95, ndiyo ya kuanzia, na kwa bariamu inayoyeyuka pandeni hadi P3, inayochuja zaidi. Ndevu zikipita chini ya ukingo wa barakoa, hewa chafu inapita nazo. Nguo za kazi zibaki kazini, mikono ioshwe kabla ya kula, na sigara isishikwe kwa vidole vyenye unga.