Muulize Fundi: Nguzo ya kaboni kwenye boti ya tanga

SWALI: Shikamoo fundi. Nina boti ya tanga ya faiba, futi 26, naiegesha hori ya Kilifi na jioni napeleka wageni. Nyuma ina bomba la chuma la mita 2 lililobeba paneli ya sola na antena ya redio. Limeshika kutu, na boti ikilala nalo linazidi kuivuta. Mbele nina mti wa alumini wa kutanulia tanga dogo upepo ukiwa nyuma, nao unamlemea kijana wangu. Kuna jamaa anauza milingoti miwili mikuukuu ya kaboni (nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi), ya ubao wa kuteleza kwa tanga, kwa bei ya kutupa. Ninunue? – Nahodha, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nunua, lakini ukienda kuitazama chukua sarafu ya shilingi kumi. Gonga mlingoti kuanzia shinani hadi nchani, kila vidole viwili mara moja. Penye uzima hulia kwa sauti kavu, kali. Sauti ikififia ghafla, kama unagonga boksi, hapo matabaka yameachana ndani hata kama rangi ingali inang'aa. Kata sehemu hiyo, au usichukue kabisa. Soma na maandishi ya shinani: wengi huandika asilimia ya kaboni, 30, 55, 75 au 100, na iliyobaki ni faiba ya kawaida. Mia ni nyepesi na ngumu, ila ukuta wake ni mwembamba na hauna subira na pigo. Kwa boti ya wageni mimi ningechukua ya katikati.

Sasa mizani. Bomba la chuma la milimita 48 lenye ukuta wa milimita 3 hufika kilo 6 na nusu na kitu kwa mita 2. La kaboni la kipenyo hichohicho, ukuta wa milimita 2.5, ni kilo moja na kidogo. Kilo tano na zaidi zikitoka pale juu, utazihisi siku ya kwanza. Mbele utapunguza kilo chache tu, kwani alumini yenyewe si nzito hivyo, lakini huko ndiko ninakokuhimiza zaidi: mti ule hushikwa kwa mkono mmoja na kijana aliyesimama omo, mkono wa pili uko kwenye kamba, na boti inaruka.

Lakini kinachonitia hofu ni kiungo, si mti. Miaka ya nyuma, Mtwapa, nilimfungia mtu mti wa kaboni, nikatia vichwa vya alumini nchani na riveti moja kwa moja. Kusi mbili zikapita. Siku niliyouinua kuupangusa, kichwa kilinibaki mkononi. Ndani kulikuwa na unga mweupe, laini kama wa muhogo, na kuta za alumini zimeliwa zikawa kama karatasi. Kaboni haikuwa na hata mkwaruzo. Vitu hivi viwili vikigusana na maji ya chumvi yakapita kati, vinakuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Namshukuru Mungu kichwa hakikung'oka kikampiga mtu.

Kwa hiyo popote chuma au alumini itakapokaa, zungusha kwanza matabaka mawili ya faiba ya kawaida, si ya kaboni, kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya), yapite ukingo wake kwa upana wa kidole. Weka washa za plastiki. Chuma cha pua huvumilia kuliko alumini, nacho kitenge vilevile. Tundu la bolti litoboe kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, ikikauka toboa tena katikati yake. Na panapobanwa na pete, ndani tia kipande cha mbao kavu kilichonyweshwa epoksi. Bomba tupu litapasuka ukikaza nati. Ukikata au kupiga msasa, lowesha maji na uvae barakoa, vumbi lile si la kuvuta.

Paka rangi nyeupe. Nguzo nyeusi kwenye jua la Februari huwezi kuishika, na epoksi iliyokauka bila kupashwa moto huanza kulegea kwenye nyuzi 50 au 60. Tena jua huila.

Antena isimame juu ya ncha, isilale ubavuni wala ndani, kwani kaboni hupitisha umeme na itaziba mawimbi. Waya za sola zipitishe ndani ya mpira. Waya ikichubuka ndani ya nguzo, nguzo nzima itashika umeme na bolti zako zitaliwa upesi.

Jambo la mwisho umwambie kijana: mbao hulia kabla ya kukatika, alumini hupinda ukaiona. Kaboni hukatika papo hapo. Kila mwezi agonge sarafu kwenye viungo, na kila kaskazi inapoanza fungueni vichwa vyote mtazame ndani. Mkiona unga mweupe, hata wa kucha moja, boti isitoke jioni hiyo.