Kasha liache, mtengenezee dada yako mbuzi

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza: dada yake anaolewa baada ya miezi miwili, anataka kumtengenezea kasha kwa mikono yake mwenyewe, na randa hajawahi kuishika. Aanzie wapi?

Mdogo wangu, mie nilianzia hapo hapo. Nilimuahidi dada yangu kasha, nikampelekea mbuzi. Si ya kuchinja, ya kukunia nazi.

Kasha lina mambo. Ukiliona dukani Mji Mkongwe unaona ubao na misumari ya shaba tu. Hebu lifungue: zile droo za chini, kile kijisanduku cha ndani ubavuni, bawaba, komeo, na kila pembe iingie kwa mwenzake bila ya mwanya. Mengi ya yale ya zamani yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, na walioyafanya hawakujifunza kwa miezi miwili. Utamaliza mbao, utamaliza pesa, na siku ya harusi utakuwa na sanduku lisilofunga.

Mbuzi ni mbao mbili na kijiti. Ubao mrefu ndio kikalio. Mbele unapunguzwa ukawa shingo, na kwenye ncha ya shingo ndipo hukaa chuma chenye meno. Katikati unatobolewa dirisha. Ubao wa pili, mwembamba zaidi, unapita kwenye dirisha lile, na kijiti kimoja kigumu kinapita ubavu hadi ubavu kuzishika zote mbili. Ukiifungua inasimama kama mkasi, ukiikunja inalala uvunguni. Utamu wa kazi uko hapo kwenye dirisha, na mie ndipo nilipoumbuka.

Ya kwanza niliifanya kwa mfenesi. Mti wenyewe hauna kosa. Ami yangu, seremala wa Wete, haupishi: manjano yake huiva ikawa kahawia, na mchwa hawaupendi. Kosa langu ni kuuchonga wiki ile ile ulioangushwa, ubao ungali unatoka ulimbo. Baada ya wiki tatu ukapinda. Pembe tatu zagusa chini, ya nne inaning'inia, na kukunja haikunjiki. Ami akaizunguka, akaitazama, akauliza jikoni kama kuni zimebaki.

Ya pili nikanunua ubao uliokwishakaa kivulini kwa fundi zaidi ya mwaka. Kikalio inchi 20 kwa 7, unene inchi moja na robo. Sasa sikiliza vizuri: nyuzi za mti ziende na urefu wa shingo. Zikikatiza, shingo itavunjika siku ya kwanza dada yako akiegemea na kifuu chake. Dirisha usilichonge kwa pupa. Toboa matundu kwenye pembe zake kwa keke, halafu patasi, nusu upande huu na nusu upande wa pili, la sivyo litameguka nyuma. Lianze dogo, kisha lipanue kwa tupa mpaka ubao wa pili upite kwa kusukumwa na kiganja. Tundu la kijiti nalo litoboe mbao zote mbili zikiwa zimeshapachikana. Ukitoboa moja moja hayakutani, nilijaribu. Kijiti changu ni cha mkarafuu, na Pemba huo hukosi.

Chuma nunua, usijifanye mhunzi. Na kabla ya kukipigilia, toboa kwanza njia ya misumari. Mie nilikuwa na haraka, nikagonga moja kwa moja, shingo ikatoa ufa wa urefu wa kidole. Nikauzungushia ukanda wa bati nikautia vidoto kwa msumari. Mpaka leo wageni wanalisifu lile bati, nami sijamwambia mtu.

Kulainisha, msasa wa dukani unatosha, ingawa ami mpaka leo hutumia majani ya mti wa msasa wenyewe. Nakshi tia pembeni tu. Kikalio kiache kitupu, mtu anakaa pale nusu saa. Vanishi isifike shingoni, maana tui si mahali pake.

Watakuja hapa wa kukwambia nani anakuna nazi kwa mkono siku hizi, na mashine zimejaa sokoni. Ni kweli. Lakini tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani bila ya umeme miezi mitatu, mbuzi ile ilikuwa haishindi nyumbani kwa dada yangu. Ikienda kwa jirani asubuhi, mtoto anatumwa kuifuata Magharibi, anaikuta imeshahamia nyumba ya tatu. Na ndiyo miezi aliyoacha kuniuliza kasha lake liko wapi.