Wanafunzi wa mifugo mnaoenda fildi, muulizeni na aliyeshika mbuzi

Wanangu, kila mnapotoka kwenda fildi mnafungasha vitu vilevile: buti, ovaroli, glovu, mirija ya damu, boksi la barafu. Na mnasahau jambo lilelile. Juzi nimesoma ripoti ya kikundi kilichorudi: kurasa nzima za mbuzi waliotupa mimba, namba za hereni zote zipo, seramu zimepangwa vizuri, na hakuna sentensi hata moja kuhusu watu wanaoishi na hao mbuzi. Mtihani wa Afya Moja, somo la afya ya watu, mifugo na mazingira kwa pamoja, mlifaulu wote. Basi nisikilizeni kabla hamjapanda gari.

1. Salimieni kwanza. Usifike bomani ukaanza na "mna mifugo mingapi?" Mfugaji hapendi kuhesabiwa mali na mtu ambaye hata jina lake halijui.

2. Chukueni historia ya watu pamoja na ya mifugo. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mnaponiumiza roho.

Kuna boma tulilokwenda na kikundi cha mwaka wa nne, mbuzi wakitupa mimba zilizokaribia kuzaliwa. Vijana walifanya kazi safi. Damu ilitoka kwa sindano ya kwanza, lebo hazikukosewa. Aliyewashikia mbuzi ni mama mwenye boma, mmoja baada ya mwingine, shingo kaibana kwapani. Kanga kaikaza kiunoni, na kila akiinuka anashika mgongo. Mbuzi mmoja akiachiwa, kabla hajaletwa mwingine, anakaa kwenye jiwe na kufuta jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Hakuna aliyemwona. Wote macho kwenye mshipa wa mbuzi.

Tulipoanza kufunga vifaa, mwanafunzi wa uuguzi tuliyekuja naye kwa mafunzo ya pamoja akamsogelea: "Shikamoo mama. Huo mgongo umeanza lini?" Yakatoka yote. Homa ya kuja na kuondoka tangu masika, viungo vinauma, usiku analowa jasho, dawa za malaria kanywa na kurudia. Mbuzi akikwama kuzaa, yeye ndiye anayevuta, kwa mikono mitupu. Kondo la nyuma anawatupia mbwa. Maziwa wanakunywa mabichi.

Wanangu, hiyo ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, kama mlivyoikariri darasani, na ilikuwa imesimama mbele yenu imewashikia mnyama. Aliyeuliza ni mtu ambaye hakufundishwa hata nusu ya mliyofundishwa ninyi kuhusu ugonjwa huo.

Msidhani ni kisa cha boma moja. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli, 14. Homa za bakteria zitokazo kwa wanyama, yaani mgunda, homa ya Q, brusela na jamaa zao, zilikuwa nyingi kuliko malaria. Tabibu wa zahanati hawaoni mbuzi. Ninyi mnawaona.

Kumtibu mtu si kazi yenu, na msithubutu. Kazi yenu ni barua fupi kwa tabibu: mifugo ina nini, huyu mtu anaishika vipi, tunaomba aangaliwe brusela. Rose Bengal, kipimo cha damu cha brusela mnachopimia mbuzi, hupima na watu, kwa hiyo mtaelewana. Barua ya yule mama aliianza mwanafunzi wa uuguzi, wetu wakaongeza upande wa mifugo, ikatoka nusu ukurasa. Barua ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuiona kwenye ripoti.

3. Muulizeni anayekamua. Baba atawajibu ya malisho na bei. Ya maziwa na uzazi anayajua mama.

4. Mzoga unaovuja damu isiyoganda puani au nyuma haupasuliwi. Fikiria kimeta, zuia watu wasigawane nyama, toa taarifa.

5. Mbwa akiuma, anza na aliyeumwa. Kijana mmoja aliniletea kichwa cha mbwa cha kupeleka maabara kupimwa kichaa cha mbwa, kimefungwa vizuri kabisa, kwenye barafu. Nikamuuliza aliyeumwa yuko wapi. Hakuuliza. Tulirudi kijijini usiku uleule, tukagonga nyumba hadi nyumba mpaka mtoto akapatikana, na kidonda kimefungwa kwa kitambaa bila kuoshwa. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, kisha kituo cha afya kwa chanjo siku hiyohiyo. Maabara ingesubiri.

6. Wenzetu wa udaktari wa binadamu, shukeni kwenye gari. Zizi linanuka, ndiyo, na wagonjwa wenu wanalala hatua chache kutoka hapo.

7. Rudisheni majibu. Watu waliowashikia mifugo juani wana haki ya kujua mlichokipata.

Safari ijayo ni Mvomero. Kila kikundi kije na namba ya simu ya tabibu wa zahanati ya kijiji na ya afisa mifugo wa kata. Nitazikagua mlangoni mwa gari, na asiye nazo atabaki Morogoro.