Nafundisha baiolojia, nimefiwa na binti yangu

SWALI: Dada, kila mtu ananiambia mwanangu yuko mahali pema, mi siwezi kuamini hivyo, sasa nishike nini?

JIBU: Pole sana mama. Hulazimiki kuamini usichoamini ndo uruhusiwe kulia. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, alifiwa na binti yake Annie wa miaka 10 mwaka 1851, akakaa akaandika alivyomkumbuka, tabia zake, uchangamfu wake, na wewe andika, hata vile vidogo vidogo. Halafu hili unalijua, seli za mtoto huvuka kondo la nyuma wakati wa mimba na zinaweza kubaki mwilini mwa mama miaka mingi tu, na hiyo si faraja ya kubuni. Wanaosema yuko pema wanakupenda, waitikie tu. Usingizi ukigoma kabisa muone daktari, usingoje.