Siku Tatu Lushoto: Jibini ya Irente na Mvinyo wa Sakharani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam, na mwezi Julai tutatimiza miaka kumi ya ndoa. Yeye ni mpenzi wa mvinyo. Mimi sinywi kabisa, ila napenda kula vizuri. Tuna siku tatu tu. Tulifikiria Dodoma kwa ajili ya zabibu zake, lakini rafiki ametushauri twende Lushoto, penye baridi. Je, mvinyo upo huko, au mwenzangu atarudi amenuna?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yenu amewashauri vyema, mradi mume wako aelewe tangu sasa kwamba huko mlimani chakula ndicho mwenyeji na mvinyo ni mgeni wake. Zabibu nyingi za Tanzania hulimwa Dodoma, ambako mzabibu haupati majira ya baridi ya kupumzika, hivyo mkulima huupogoa ili uchipue upya na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Anayetaka kutembea katika mashamba ya zabibu aende huko. (Usiku wa Julai Dodoma nako hupoa, ingawa watu wa pwani hawaamini.)

Lushoto ni habari nyingine. Mji huo, uliomo katika Milima ya Usambara Magharibi, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na baridi hiyo ndiyo inayowawezesha wakulima kuotesha kabichi, karoti, viazi mviringo, plamu na peasi, na kufuga ng'ombe wa maziwa ambao wangeteseka kwa joto la tambarare. Siku ya pili nendeni Irente, kilomita chache kutoka mjini, kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri linalotengeneza jibini, jamu na mkate mzito wa rai, nafaka inayofanana na ngano. Agizeni chakula cha mchana mapema, kisha tembeeni hadi ukingoni mwa mlima, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na tambarare inaonekana chini kabisa. Kwa maoni yangu, mlo huo pekee unastahili safari yote, na wewe usiyekunywa hutakosa kitu. Plamu na pichi msizitarajie Julai, kwa kuwa msimu wake huwa karibu na mwisho wa mwaka.

Mvinyo wenyewe unapatikana Sakharani, misheni ya Wabenedikti, watawa wa Kikatoliki, karibu na Soni, ambayo pia hulima njugu za makadamia. Asilinganishe mvinyo huo na wa Afrika Kusini. Aunywe kama kinywaji cha watawa wanaolima wenyewe. Kumbukeni pia kwamba wakazi wengi wa Lushoto ni Waislamu na migahawa mingi midogo haiuzi pombe, kwa hiyo si adabu kufungua chupa yenu mezani bila kuuliza.

Sakharani iacheni iwe kituo cha mwisho, siku ya kurudi, kwa sababu Soni iko njiani kuelekea Mombo, mji ulio chini ya mlima. Mkishuka bondeni joto huongezeka haraka, na chupa iliyokaa saa sita kwenye buti la gari hufika Dar es Salaam ikiwa imeharibika ladha. Ifungeni kwa sweta zenu, ambazo wakati huo hamtazihitaji tena, na muiweke miguuni mwa abiria.